Nyuzi za gitaa la besi: ufute, uchemshe, uloweke kwenye spiriti au ununue zenye utando?

Seti ya nyuzi za besi ni ghali mara kadhaa kuliko ya gitaa la solo, na wiki chache tu baada ya kuifunga unakuta uzi wa E, ulio mnene kuliko wote, umebaki na mdundo mtupu. Ule mlio mkali wa chuma, unaofanya kila noti isikike kivyake, umeshaondoka. Njia za kuurudisha au kuuchelewesha usiondoke ni nyingi, na kila mpiga besi ana yake anayoitetea. Hapa tunaziweka pamoja ili uchague, na msimamo wetu tunautoa mapema. Kufuta ni lazima kwa kila mtu. Kuloweka kwenye spiriti kunashinda kuchemsha karibu kila mahali. Nyuzi zenye utando, yaani zilizopakwa kinga nyembamba kiwandani, zinamfaa mwenye jasho kali au asiye na muda wa kuhangaika, na nyuzi bapa, zilizozungushiwa waya uliobapishwa, ni za yule ambaye muziki wake hauhitaji mlio mkali tangu mwanzo.

Ila hakuna hata moja itakayokusaidia kama hujui nyuzi zako zimekufa kwa sababu gani.

Kinachoua uzi

Uzi wa kawaida wa besi una kiini cha chuma, na juu yake umezungushiwa waya wa mviringo, tabaka moja au zaidi. Kati ya mzunguko mmoja na mwingine kuna kimfereji. Jasho, mafuta ya ngozi na vumbi huingia humo, na kila ukibonyeza unavishindilia zaidi. Uchafu huo unaongeza uzito ambao hauko sawa urefu wote wa uzi, na unaibana mizunguko isitikisike kwa uhuru. Mitetemo ya juu, ambayo ndiyo makali ya sauti, huzimwa kwanza na mdundo wa chini unabaki. Ndiyo maana besi yenye nyuzi chafu inaridhisha ukiipiga peke yako chumbani, lakini ikiingia kwenye bendi inapotelea chini ya kinanda na ngoma.

Sababu ya pili ni kutu. Nyuzi nyingi madukani ni za chuma kilichopakwa nikeli. Nikeli ikichubuka pale uzi unapokutana na freti, vile vipande vya chuma vilivyokatiza shingo ya gitaa, chuma kinabaki wazi na chumvi ya jasho inaanza kazi. Mombasa, Tanga, Dar es Salaam na Zanzibar hewa yenyewe ina unyevu na chumvi, kwa hiyo hata gitaa lililotundikwa ukutani mwezi mzima bila kuguswa linaweza kushika kutu. Kwenye miinuko mikavu zaidi kutu huchelewa, na huko jasho la mkono linabaki kuwa adui mkubwa.

Sababu ya tatu ni kuchakaa. Freti ni ya chuma, na inatafuna upande wa chini wa uzi mpaka inaacha vibonyeo. Waya uliobonyea hauna tena umbo ulilotoka nalo kiwandani, na kiini nacho kimeshavutika.

Hapa ndipo penye uamuzi wote: uchafu unatoka, lakini kutu na vibonyeo havitoki. Kabla hujatumia hata tone la spiriti, pima.

Pitisha ukucha chini ya uzi, taratibu, kuanzia freti ya kwanza hadi ya saba. Ukucha ukikwama kwenye vishimo palepale penye freti, uzi huo umechakaa. Ukiusafisha utapata nafuu kidogo tu na haitadumu. Kisha gusa uzi juu kabisa ya freti ya 12 bila kuubonyeza, upige, uangalie tyuna, kifaa cha kupimia sauti ya uzi. Halafu ubonyeze freti hiyohiyo na upige tena. Kama zamani sauti hizi mbili zilikubaliana na sasa zinatofautiana waziwazi, ilhali hukugusa skrubu za daraja, pale nyuzi zinaposhikiliwa mwilini mwa gitaa, uzito wa uzi umeshaharibika. Ukilegeza skrubu kurekebisha tofauti hiyo utapoteza muda, kwa sababu ukifunga nyuzi mpya utalazimika kuzirudisha zilikokuwa. Mwisho angalia rangi. Weusi unaotoka kwenye kitambaa ni uchafu, na huo una dawa. Wekundu wa kahawia ulioganda kati ya mizunguko ni kutu, na uzi wa hivyo ubadilishe.

Kufuta

Hii haishindani na nyingine, ndiyo msingi wake. Nawa mikono kwa sabuni na uikaushe kabisa kabla ya kupiga. Ukimaliza, chukua kitambaa kikavu cha pamba, fulana kuukuu inatosha, ukunje juu ya uzi mmoja ili uushike juu na chini, kisha uvute kutoka darajani hadi kichwani mara mbili au tatu. Wengi hupangusa juu tu, wakati jasho linalodondoka hukusanyika upande wa chini, uleule unaotafunwa na freti. Nyuzi nne zinachukua chini ya dakika moja.

Kitambaa chenyewe kifuliwe, maana kikishajaa mafuta kinarudisha ulichotoa. Na gitaa lenye unyevu usilifungie kwenye begi moja kwa moja baada ya shoo. Lifute, liache dakika kumi, ndipo ulifunge. Vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu au vifaa vya umeme vinafaa kuwekwa begini, alimradi uvibadilishe, kwa kuwa vikishashiba unyevu havifanyi kazi tena.

Kuna mafuta maalumu ya kupaka nyuzi, mengi yake ni mafuta ya madini mepesi. Yanazuia kutu kidogo na kufanya vidole viteleze. Ukipaka, futa yaliyozidi, la sivyo yanashika vumbi na unakuwa umetengeneza matope kwenye vimfereji. Mafuta ya nazi na ya kupikia usiyaguse kabisa. Yanaganda, yanachacha na kunata, na uzi unakufa haraka kuliko ambao haukupakwa kitu.

Kuchemsha

Ni njia ya zamani na inafanya kazi: maji ya moto yanayeyusha mafuta, na kuchemka kwenyewe kunatikisa uchafu utoke kati ya mizunguko. Faida yake kubwa ni kwamba nyumbani una kila kitu na baada ya saa moja na nusu unapiga. Mwenye harusi ya kupigia kesho asubuhi hana muda wa njia nyingine.

Legeza kila uzi kabisa, uutoe bila kuukata wala kuunyoosha pale ulipojikunja kwenye kigingi, kile unachozungusha kukaza uzi. Zungusha kila mmoja kuwa duara la sentimita 15 hivi; ukibana zaidi ya hapo unaweza kuvunja mkao wa waya. Weka kwenye sufuria ambayo haipikiwi chakula, maji yazifunike, tone moja la sabuni ya vyombo, zichemke dakika 10. Utaona utando wa mafuta unaelea juu. Mwaga, suuza kwa maji mengine ya moto mpaka sabuni iishe, futa kila uzi kwa kitambaa.

Kisha ukaushe, na hapa ndipo kuchemsha kunapoharibikia. Nje ya uzi hukauka kwa dakika chache, lakini maji yaliyopenya kati ya waya na kiini yanabaki. Ukifunga uzi ukiwa hivyo unapata sauti nzuri siku mbili tatu, halafu kutu inaanzia ndani ambako kitambaa hakifiki. Tumia mashine ya kukaushia nywele dakika 10 nzima, au uzitundike kwenye jua kali kwa saa moja. Siku ya mawingu na unyevu, kama huna mashine, acha.

Maji nayo yana habari yake. Visima vingi vya Dar es Salaam na vya ukanda wa pwani vina maji ya chumvi. Ukichemsha nyuzi humo unazipaka kitu kilekile ulichokuwa unakimbia. Tumia maji ya mvua au ya chupa. Lita mbili zinatosha kuchemsha na kusuuza.

Siki na ndimu usitie. Zinang'arisha kwa macho, lakini asidi inakula nikeli na chuma chenyewe.

Sauti inayorudi ni karibu na mpya, lakini hudumu siku chache hadi wiki mbili kulingana na jasho lako na muda unaopiga. Mara ya pili inadumu muda mfupi zaidi, na ya tatu hairudishi kitu cha maana. Pia kila unapoutoa uzi na kuurudisha, mkunjo wa kwenye kigingi unafanya kazi upya, na uzi wa G, ulio mwembamba kuliko wote, mara nyingi hukatikia hapohapo.

Kuloweka kwenye spiriti

Kemikali inayofanya kazi ni ileile unayoijua: alkoholi inayeyusha mafuta ya ngozi, na ikitoka inakwenda hewani bila kuacha maji. Tatizo la kutu ya ndani linakwisha. Ndiyo sababu tunaipa nafasi ya kwanza kati ya njia za kusafisha.

Chombo kizuri ni bomba la plastiki la maji, gumu, la inchi moja, lenye urefu wa mita 1 na sentimita 10. Nyuzi za besi ya kawaida, ambayo kutoka daraja hadi nati, kile kipande cha mwisho wa shingo ambapo nyuzi hupita kwenda kichwani, ni inchi 34, zikishakatwa mwisho zinaingia humo zikiwa zimenyooka. Upande mmoja bandika kifuniko kwa gundi ya mabomba, ile wengi wanayoiita tangiti, na uiache ikauke siku nzima. Upande wa pili weka kifuniko cha kufungua chenye meno, uzungushie tepu nyeupe ya mafundi bomba. Kabla ya spiriti jaribu kwa maji: jaza, lisimamishe juu ya gazeti usiku kucha, uone kama linavuja. Kisha likaushe vizuri. Bomba la vipimo hivyo linajaa kwa nusu lita ya spiriti na ushee kidogo.

Spiriti ipi? Inayotakiwa ni ya asilimia 90 au zaidi, iwe spiriti ya kawaida ya dukani au alkoholi ya isopropili inayotumiwa na mafundi simu. Ya asilimia 70 ina maji mengi mno. Jeli ya kutakasia mikono haifai, ina gliserini inayonata. Na spiriti ya kupaka ngozi inayouzwa kwenye maduka ya dawa isomwe lebo kwanza, kwa sababu baadhi huchanganywa na mafuta ya nyonyo. Mwaga tone moja kwenye kioo, liache likauke. Likiacha doa la mafuta, litaacha mafuta hayohayo kwenye uzi wako. Rangi ya bluu au zambarau iliyotiwa haina madhara kwa nyuzi.

Tia nyuzi, jaza, funga, ziache saa 12 hadi 24, na kila unapopita lipindue bomba juu chini mara kadhaa. Ukizitoa, vuta kila uzi ndani ya kitambaa cheupe kilichobanwa sawasawa. Mara ya kwanza kitambaa kinatoka na mstari mweusi kabisa. Rudia mpaka mstari uwe wa kijivu hafifu, kisha tundika nyuzi kwenye hewa nusu saa. Spiriti iliyobaki usiimwage. Iache itulie, uchafu ushuke chini, uichuje kwa kitambaa na kuirudisha. Inatumika mara nyingi mpaka iwe nyeusi kama chai ya rangi iliyokolea.

Spiriti inawaka kwa moto usioonekana vizuri mchana. Fanyia kazi mahali penye hewa, mbali na jiko, mshumaa na sigara. Ya dukani huwa na methanoli, ambayo ni sumu, kwa hiyo vaa glavu, usiivute puani, andika juu ya bomba kilichomo na uliweke mahali watoto hawafiki. Petroli usithubutu. Mafuta ya taa nayo yanaacha utelezi wenye harufu usiotoka.

Na usifute nyuzi kwa spiriti zikiwa kwenye gitaa. Tone likidondokea vanishi ya zamani ya nitroselulosi au shelaki linaiyeyusha, na ubao wa vidole wa mpingo au rozwudi unakauka na kupauka.

Kasoro ya njia hii ni muda: gitaa linakaa siku nzima bila nyuzi, na shingo iliyozoea kuvutwa inaweza kurudi nyuma kidogo. Dawa yake ni kuwa na seti mbili. Moja inapiga, nyingine iko kwenye bomba, na unabadilishana kila wiki tatu au nne. Gharama ya mwanzo inaongezeka, lakini seti mbili zinazopokezana hudumu zaidi ya seti mbili zilizofungwa moja baada ya nyingine mpaka kufa, kwa sababu uchafu haupati muda wa kugandamana na kuanzisha kutu.

Nyuzi zenye utando

Hapa hununui njia ya kusafisha bali kinga. Elixir, zinazotengenezwa na W. L. Gore ya Marekani, kampuni ileile ya kitambaa kisichopitisha maji cha Gore-Tex, hufunikwa kwa utando mwembamba sana wa plastiki juu ya uzi mzima, hivyo vimfereji vinafungwa na jasho halina pa kuingia. Watengenezaji wengine hupaka waya kabla ya kuuzungusha. Aina ya kwanza inazuia uchafu vizuri zaidi, ya pili inahisiwa kidoleni kama uzi wa kawaida.

Bei yake mara nyingi hukaribia mara mbili ya seti ya kawaida. Kwa mpiga vidole mwenye jasho kali, au gitaa la kwaya linalopigwa na watu wanne ambao hakuna anayefuta, pesa hiyo inarudi, kwa sababu zinabaki na mlio wao miezi ambapo za kawaida zingedumu wiki. Siku ya kwanza ni pole kidogo kuliko za chuma tupu, lakini siku ya arobaini zenye utando ndizo zenye makali.

Anayepiga kwa kipigio, au kwa slapu, yaani kuugonga uzi kwa kidole gumba, afikirie mara mbili. Utando unachubuka hasa pale unapopigwa, unaanza kutoa nyuzinyuzi nyeupe, na uchafu ukiingilia hapo hautoki. Hazichemshwi wala kulowekwa. Kitambaa kikavu tu. Zinunue kwenye pakiti iliyofungwa isiyopitisha hewa, kutoka kwa muuzaji unayeweza kumrudia, maana za kuigiza zipo.

Kati ya za kawaida na zenye utando kuna njia ya katikati inayosahauliwa: nyuzi za chuma kisichoshika kutu. Rotosound Swing Bass 66, zilizotokana na kazi ya kiwanda hicho cha Uingereza pamoja na John Entwistle, mpiga besi wa bendi ya The Who, katika miaka ya 1960, ni za aina hiyo. Ni kali kwa sauti, zinavumilia jasho linalokula nikeli, na spiriti inazirudisha vizuri kuliko nyingine zote. Zinakwaruza zaidi kidole na kumaliza freti mapema. Kwa mpiga slapu anayeishi pwani, hizi pamoja na bomba la spiriti ndilo chaguo letu, bila kusita.

Nyuzi bapa

Waya wa nje umebapishwa, uso wa uzi ni laini, vimfereji karibu havipo. James Jamerson, mpiga besi wa kampuni ya muziki ya Motown huko Detroit, alitumia nyuzi bapa nene za La Bella kwenye besi yake ya Fender Precision ya 1962, na anajulikana kwa kutozibadilisha mpaka ukatike mmoja. Alianzia kwenye besi kubwa ya kusimama, na mlio aliokuwa akiutafuta ni wa namna hiyo: mzito, mfupi, usio na makali.

Zinapungua kung'aa majuma machache ya mwanzo, halafu zinatulia na kukaa hivyo kwa miaka. Zinafaa rumba ya zamani, dansi, taarabu na nyimbo za kwaya za taratibu. Ukipiga sebene ya kisasa inayotaka besi ipenye juu ya magitaa matatu, utazichukia. Nyingi huvuta shingo kwa nguvu zaidi, kwa hiyo ukizifunga mara ya kwanza angalia upinde wa shingo na urefu wa nyuzi juu ya freti. Ukizihamisha kutoka na kurudi kila mara unamsumbua fundi bure.

Uchague ipi

Gitaa la kanisa au la shule lisilo na fungu: nyuzi za kawaida za nikeli, kitambaa kilichofungwa kwa kamba kwenye stendi yenyewe ili asiwepo wa kusema hakukiona, na bomba moja la spiriti la kutumiwa na wote. Mpiga kila wikendi mwenye mikono mikavu: hivyohivyo, na seti mbili za kupokezana. Mwenye jasho linalogeuza uzi kuwa mweusi kwa wiki moja: zenye utando, au chuma kisichoshika kutu akiwa mpiga slapu. Anayeingia studio kurekodi asisafishe kitu, afunge seti mpya siku moja kabla, azivute kwa mkono na kutyuni tena mpaka zitulie.

Kuchemsha tunakuachia kwa dharura.

Njia yoyote utakayochagua, ukirudisha uzi uliosafishwa uweke kwenye kigingi chake uleule na ufuate mikunjo yake ya zamani. Kabla ya kukaza, uache uning'inie ujizungushe wenyewe mpaka utulie. Uzi uliofungwa ukiwa umesokoteka unalia kama mfu hata ukiwa safi kabisa, na wengi huilaumu spiriti kwa kosa hilo. Seti ya zamani unayoipumzisha isafishe mara ya mwisho, ikaushe, uiweke kwenye mfuko uliofungwa ndani ya begi la gitaa. Uzi ukikatika katikati ya shoo, uliosafishwa utalingana na wenzake watatu waliobaki kuliko mpya kabisa, ambao ungetoka peke yake na makali yake mpaka mwisho wa usiku.